Mto Usiokuwepo Jukwaani

Nilikwenda Chuo cha Sanaa Bagamoyo mwishoni mwa miaka ya 1980 nikitaka kitu kimoja tu: kuigiza. Chuo kilikuwa bado kichanga, kimeanzishwa mwaka 1981, na walimu wetu walishikilia kwamba msanii huanzia kwenye mwili wake. Basi asubuhi tukacheza sindimba ya Wamakonde, tukarudia bugobogobo ya Wasukuma, majembe mkononi, mpaka mabega yakafa ganzi. Baadaye sarakasi, kisha kupiga ngoma. Miezi ikapita sijapewa hata neno moja la kusema jukwaani. Wenzangu wawili watatu walifunga virago. Sikuwalaumu, kwao walikuwa wameaga kwamba wanakwenda kuwa waigizaji, na barua za nyumbani zilikuwa zikiuliza.

Hatimaye tukaanza mazoezi ya Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa mwaka 1969. Nikapangiwa umatini. Kazi yetu ilikuwa kusimama kando ya mto, baada ya mhusika mkuu, Kinjeketile, kuvutwa majini, na kungoja. Hatukuwa na mto wala kitambaa cha kuuwakilisha, sakafu tupu tu.

Mwalimu akapita nyuma yetu, akasimama kwangu.

“Mwanangu, mto uko wapi?”

Nikaonyesha.

“Maji yanakwenda upande gani?”

Nikanyamaza.

“Basi humsubiri mtu wewe. Unasubiri zamu yako.”

Kesho yake alitupeleka ukingoni mwa Mto Ruvu, akatuketisha, akatukataza kuzungumza. Saa ya kwanza niliona maji ya rangi ya udongo na basi. Kisha nikaanza kuona majani na vijiti vikipita. Jicho hushika jani moja, hulisindikiza mpaka linapotea, ndipo hurudi juu ya mto kutafuta jingine. Shingo haigeuki, macho ndiyo yanayosafiri. Na maji yakizunguka mahali, kifua hujikaza chenyewe, kwa maana chochote kinaweza kuibuka pale. Wavuvi walikuwa wametuonya kuhusu mamba, kwa hiyo hofu ya mtu aliyemezwa na maji hatukulazimika kuitafuta mbali.

Tuliporudi mazoezini nilikuwa na jani langu. Nililifuata kila jioni, wiki baada ya wiki, na usiku wa onyesho watu wa safu za mbele wakaanza kugeuza shingo kutazama tulikokuwa tukitazama. Sikusema neno usiku ule, na hakuna nafasi niliyowahi kupewa baadaye inayonipa fahari kama ile.

Tangu hapo nimefanya maigizo ya redio, nimezunguka na vikundi mashuleni, na filamu zilipopamba moto Dar es Salaam nikaitwa huko pia. Kwenye filamu nilikuta vijana wenye vipaji vya kweli, wengine kunizidi, wakikabidhiwa skripti asubuhi na kushutiwa mchana. Binti mmoja alitakiwa kulia msibani kwa mama yake. Alilia vizuri, machozi ya haki kabisa, lakini mama hakuwepo machoni mwake, kwa sababu hakuna aliyempa nafasi ya kuishi na mama huyo hata siku moja: alipikaje, alimwitaje bintiye alipokasirika, waliachana vipi mara ya mwisho. Mwongozaji akasema imepita, taa zikahamishwa. Jambo lile bado linaniuma, maana binti aliweza, ila kazi yake ilinyimwa muda.

Siku hizi nikiombwa kuwanoa vijana, nadai kwanza siku za kusoma mezani, kisha siku za kunyamaza. Waandaaji huniuliza siku za kunyamaza zinalipiwaje. Nawaambia sawasawa na nyingine, na posho ya chakula iwepo. Wengi huaga hapo hapo. Wanaokubali nawapeleka vijana wao Ruvu, na jioni namuuliza kila mmoja maji yalikuwa yakielekea wapi.