Riwaya Inayofika Kitale

Hapa Kakuma ukiwauliza vijana wa kikundi chetu ni riwaya gani wanataka kuisoma tena, wengi watakujibu Siku Njema ya Ken Walibora. Ilitoka 1996, wengi wetu hatujazaliwa. Nakala yetu haina jalada, imeshonwa kwa uzi, na foleni yake ni kama ya bomba la maji. Rosa Mistika ya Kezilahabi pia tunayo. Ni nzuri, lakini inauma. Kwangu mimi mara moja yatosha.

Katika Siku Njema, Kongowea Mswahili analelewa Tanga na mama yake, Zainabu Makame, mwimbaji wa taarabu. Mama anafariki. Kijana anafunga safari kuja Kenya kumtafuta baba asiyemjua, na anakokwenda ni Kitale.

Sasa Kitale kwetu si jina la kitabuni tu. Makabichi ya sokoni yanatoka huko. Unapanda basi, unapita Lodwar, unapanda milima ya Kapenguria, halafu unashuka Kitale. Kama una kibali, lakini.

Mara ya kwanza niliisoma nikiwa darasa la saba, mbio mbio, nikitaka tu baba apatikane. Nilipofika kidato cha tatu nikairudia, na safari hiyo nilikaa sana kwa yule mama. Wa kwangu alikuwa akiimba kanisani tulipokuwa Kivu, hapa haimbi tena. Sikuwa nimelifikiria hilo mpaka niliposoma habari za Zainabu.

Siku hizi tunasoma kwa sauti, kwa zamu. Kijana mmoja akanikatiza, "Kaka, huyu Kongowea kibali cha kusafiri alipewa na nani?" Tukacheka wote. Mwenzake akasema, "Yeye ana bahati bwana, angalau mji anaujua." Hapo hakuna aliyecheka. Baadhi yao wamejaza fomu za Msalaba Mwekundu za kutafuta jamaa, na bado wanangoja.

Kuna msichana anayekiazima kila Ijumaa, Jumatatu anakirudisha. Anasoma mpaka Kongowea anaingia Kitale, basi, anafunga. Kama baba anapatikana au hapatikani, hataki kuambiwa, na wenzake wanajua wasimwambie. Nami siandiki hapa.

Wafanyakazi wa mashirika huniuliza kwa nini tunang'ang'ania kitabu kimoja wakati wametuletea vipya kabatini. Vipya tunavisoma, asanteni, vingi ni vya kunawa mikono na haki za mtoto. Lakini hakuna aliyewahi kunigongea mlango usiku kuulizia cha kunawa mikono.

Kwa hiyo wewe mwenye gari la shirika, ukishuka Kitale kikazi, pita kwenye duka la vitabu utuchukulie nakala mbili. Yetu kurasa za katikati zimeanza kuachia.