Nyuso Tulizozifuta



Mwezi huu tunapenda kuwashirikisha jambo ambalo tulilinyamazia kwa muda mrefu. Katika miaka ya 1980, tulipokuwa wanafunzi wa ualimu, tulitumwa watatu kusafisha ghala la misheni moja ya kando ya ziwa. Humo tulikuta sanduku la mbao lililojaa vipande vya kioo, kila kimoja kikubwa kama ukurasa wa kitabu cha sala, vimesimamishwa wima kwa mpangilio mzuri. Tulipoviinua mbele ya dirisha tuliona watu: ngozi zao nyeupe kama chokaa, kanzu zao nyeusi kama makaa. Tulicheka. Mmoja wetu alisema ni picha za mizimu.

Wakati ule darasa letu la mazoezi lilihitaji vioo vya kufunikia picha za watakatifu, na kioo sokoni kilikuwa ghali. Tukachemsha maji, tukachota majivu, tukasugua. Utando mweusi ulibanduka kama mtandu wa maziwa. Jioni vioo vilikuwa safi, na tulisifiwa kwa bidii yetu. Sanduku tulilifanya kuni.

Wiki chache baadaye alipita mzee mmoja, katekista wa zamani, akauliza sanduku liko wapi. Tulimwonyesha ukuta kwa fahari. Alisimama mbele ya picha ya Mtakatifu Yosefu kwa kitambo, kisha akasema polepole kwamba katika sanduku lile alikuwamo mama yake, siku ya ubatizo wake, na kwamba hakuwa na picha yake nyingine. Hakutukaripia. Alituaga, akashika njia. Majuto ni mjukuu. Wenzetu wawili wa siku ile wamekwisha kututangulia mbele ya Mungu; hata hivyo tunaandika “sisi”, maana kosa lilikuwa letu sote.

Hatukukusudia ubaya, hatukujua tulichokuwa tumeshika. Ninyi mjue, ili siku moja mkikishika msikipoteze.

Vile vioo vilikuwa negativu. Tangu mwaka 1851, Mwingereza Frederick Scott Archer alipotangaza njia yake ya kolodioni, wapiga picha wengi walitumia kioo. Lakini kolodioni ililazimu kupiga na kusafisha picha kabla utando haujakauka, na hiyo ilikuwa kazi ngumu kwa msafiri. Mwaka 1871 tabibu Mwingereza, Richard Leach Maddox, alieleza namna ya kupaka kioo gelatini yenye chumvi ya fedha. Baadaye vioo vikavu vikauzwa tayari katika maboksi, na kamera ikaweza kusafiri mbali. Wamisionari wa Afrika, waliofika Ziwa Tanganyika mwaka 1879, wakafungua Kibanga upande wa Ubwari mwaka 1883 na kuipokea Mpala mwaka 1885, waliishi katika kipindi hichohicho.

Palipopigwa na mwanga mwingi, fedha hugeuka nyeusi. Palipobaki kivulini, kioo hubaki wazi. Ndiyo sababu babu zetu walionekana weupe na kanzu zao nyeusi. Hawakuwa mizimu. Walikuwa wakingoja mtu wa kuwageuza.

Mwaka 1898, katika mji wa Turin nchini Italia, mwanasheria Secondo Pia aliruhusiwa kupiga picha Sanda inayotunzwa katika kanisa kuu la mji huo. Juu ya kitambaa chenyewe alama za uso zilikuwa hafifu. Aliposafisha kioo chake kikubwa usiku wa tarehe 28 Mei, aliona katika negativu uso unaoonekana wazi kuliko ulivyoonekana kwenye kitambaa. Mabishano juu ya asili ya Sanda hayajaisha, na Kanisa halimlazimishi mtu kuamini kwamba ndiyo iliyomfunika Bwana wetu. Kwetu sisi inatosha kukumbuka mtu yule peke yake gizani, ameshika kioo kilicholowa maji, anaogopa kisimponyoke mikononi.

Hapa Kongo kuna picha inayotuhusu zaidi. Mwaka 1904, huko Baringa, Nsala, mtu wa Wala, alifika kwa wamisionari Waprotestanti akiwa amebeba mkono na mguu wa binti yake, mtoto wa miaka mitano, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Alice Seeley Harris alimpiga picha akiwa ameketi barazani, akivitazama viungo vile. Picha za mama huyo zilimulikwa kwa taa, kutoka vipande vya kioo, katika mikutano ya Uingereza na Marekani, na watu waliokataa kuamini maneno walikosa pa kugeuzia macho. Mwaka 1908 mfalme Leopold aliachishwa Kongo aliyoitawala kama mali yake. Picha haikufanya kazi hiyo peke yake, lakini ilishuhudia. Mtu anayesugua kioo bila kujua aweza kumnyamazisha shahidi kama huyo.

Sasa turudi Swima. Mnajua jinsi tulivyokimbia. Kuanzia mwaka 1996 familia nyingi za pwani hii zilivuka ziwa kwa mitumbwi kwenda Kigoma, na wengi wakaishi Nyarugusu kwa miaka. Mtu aliyekimbia usiku alichukua mtoto, sufuria, labda godoro. Mama mmoja mjane, aliporudi, alituletea kopo la bati lililoviringishwa kitenge. Baba yake alikuwa seremala wa misheni. Ndani ya kopo mlikuwa na vioo kumi na kimoja. Alivuka navyo ziwa mara mbili, kwenda na kurudi. Vitano vilikuwa vizima. Tulipovipokea, mikono yetu ilitetemeka, naye hakujua kwa nini.

Vijana wa parokia walisaidia, nasi tunawaandikia tulivyofanya ili wengine waweze. Kioo hushikwa pembeni, kwa mikono mikavu. Kina pande mbili: upande unaong'aa ni kioo kitupu, na upande uliofifia ndio wenye picha. Upande wa picha hauguswi kwa kidole wala kwa maji. Vumbi huondolewa kwa brashi laini tu. Upande unaong'aa waweza kupanguswa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo sana. Skana hatuna. Tuliweka simu kubwa ikiwa na ukurasa mweupe unaowaka, juu yake karatasi nyembamba nyeupe iliyoinuliwa kidogo kwa vijiti, kisha kioo. Na kwa simu ya pili tukapiga picha kutoka juu, chumbani mwenye giza. Programu ya simu iligeuza nyeusi kuwa nyeupe, na nyeupe kuwa nyeusi. Vijana waliokuwa wakipiga kelele walinyamaza ghafla. Mbele yetu walisimama watu kumi na tisa pamoja na katekista wao, miguu mitupu, wanatutazama.

Baada ya hapo kila kioo kizima kilitiwa katika bahasha yake ya karatasi, iliyoandikwa kwa penseli kabla ya kioo kuingia, kikasimamishwa wima mahali pakavu. Vilivyovunjika vililazwa, vipande vyake vyote pamoja. Bwana Yesu, alipokwisha kuwashibisha watu kwa mikate, aliwaagiza wanafunzi wakusanye hata mabaki. Tulilikumbuka agizo hilo tulipookota vigae vya kioo kitengeni.

Hapo lilitokea shauri. Ufa mmoja ulipita usoni mwa msichana wa mstari wa mbele. Kijana mmoja hodari alitumia programu mpya inayojaza palipoharibika, na kwa dakika moja msichana akapata uso mzima, mzuri, wenye tabasamu. Wote walifurahi. Tuliwauliza: uso huu umetoka wapi? Kijana alijibu kwa unyofu kwamba mashine imeubuni. Basi tuliwasimulia habari za mzee aliyesimama mbele ya Mtakatifu Yosefu. Sisi tulifuta uso wa mama yake kwa majivu. Uso wa kubuni ungemfuta msichana huyu kwa mara ya pili, safari hii bila mtu kugundua. Amri ya nane inatukataza kumshuhudia jirani uongo, na marehemu naye ni jirani. Kijana aliifuta picha ile mwenyewe. Tuliondoa madoa ya vumbi kwenye nakala, ufa tukauacha.

Kisha tulizunguka na nakala zilizochapwa, kutoka Swima hadi Mboko, tukawauliza wazee. Kati ya wale kumi na tisa, wazee walitupatia majina ya wawili. Kumi na saba waliobaki hakuna anayewajua hapa duniani. Msichana mwenye ufa ni mmoja wao. Tarehe 2 Novemba, siku ya kuwaombea marehemu wote, tuliiweka picha karibu na altare, tukataja majina mawili, kisha tukakaa kimya mara kumi na saba. Katekista mzee tuliyemkosea hayupo tena tumwombe radhi. Siku ile tulimwombea pamoja na mama yake, ambaye uso wake Mungu peke yake anaukumbuka.

Mwezi Agosti 2024 huko Uvira Kanisa liliwatangaza Wenye Heri mashahidi wetu waliouawa Baraka na Fizi tarehe 28 Novemba 1964: Luigi Carrara, Giovanni Didonè, Vittorio Faccin na Albert Joubert. Nyuso zao tunazitambua kwa kuwa kuna watu waliotunza picha.

Maswali ya kujadili katika kikundi: Nyumbani kwenu kuna picha, barua au cheti gani cha wazee? Ni nani bado anayeweza kutaja majina ya walio humo, na lini mtamwendea? Je, kuna kitu mlichokiharibu bila kujua, ambacho mpaka leo hamjakisema?

Tuombe: Ee Bwana, usiyemsahau hata mmoja, utusamehe tuliyoyafuta, utupe mikono ya kutunza yaliyobaki. Amina.