Mama Aliyechonga Msiba Wake

Nilipokuwa katika chuo cha ualimu nilikuta maktabani kitabu cha sanaa chenye picha ya sanamu mbili za mawe: baba na mama wamepiga magoti, kila mmoja peke yake. Mama ameinamisha kichwa. Baba amejikumbatia kana kwamba ameshikwa na baridi. Niliipita haraka, kwa kuwa haikuwamo katika mtihani. Nimeikumbuka baada ya mdogo wangu kwenda jeshini.

Mwenye kazi ile ni Bibi Käthe Kollwitz, mchoraji na mchongaji wa Kijerumani, aliyezaliwa mwaka 1867 mjini Königsberg. Mumewe, Karl, alikuwa daktari aliyetibu maskini katika mtaa wa wafanyakazi mjini Berlin, na Bibi huyo akawachora akina mama waliofika kutibiwa. Picha zake juu ya maasi ya wafumaji zilipoonyeshwa mwaka 1898, waamuzi walipendekeza apewe nishani, Kaisari akakataa.

Vita vilipozuka mwaka 1914, mwanawe Peter, mwenye miaka 18, alitaka kujitolea. Sheria ilidai idhini ya baba, na Karl hakutaka kuitoa. Kijana akamtazama mama yake, naye mama akamwombea kwa baba hata akakubali. Mwezi Oktoba mwaka ule ule Peter aliuawa Ubelgiji.

Hapo ndipo kisa hiki kinaponigusa. Mama yetu naye hakutaka mdogo wangu aandikishwe. Mimi, mkubwa wa nyumba, mwenye cheti na mshahara wa serikali, ndiye niliyekaa naye jikoni usiku kucha hadi akanyamaza. Nilidhani kunyamaza ni kukubali. Mdogo wangu yu hai, Mungu ashukuriwe, yuko zamu mpakani. Lakini simu ikilia usiku, mama hunitazama mimi kwanza.

Bibi Käthe alianza kuwaza ukumbusho wa mwanawe mwaka ule ule wa 1914. Akaanza, akaacha, akarudia. Hakuumaliza mpaka mwaka 1932: miaka 18, sawa na umri wa marehemu. Sura za sanamu zile ni yake na ya mumewe. Hakumpandisha mwanawe juu ya farasi, wala hakumnyoshea mtu kidole. Alijipigisha magoti mwenyewe. Leo sanamu hizo zipo katika makaburi ya Vladslo, Ubelgiji, walikozikwa askari zaidi ya 25,000, Peter miongoni mwao.

Mwaka 1933, chama cha Hitler kilipotwaa madaraka, alilazimishwa kuondoka katika Chuo cha Sanaa cha Prussia. Mwaka 1942 mjukuu wake, aliyeitwa Peter vilevile, akafa vitani Urusi. Yeye mwenyewe alifariki Aprili 1945, siku chache kabla vita havijakoma Ulaya.

Ndugu askari, siandiki haya ili kuwatia woga katika kazi yenu. Nchi haiwezi kukosa walinzi, na kila mlinzi ametoka katika nyumba ya watu. Nawaandikia sisi tuliobaki nyumbani, tuliotoa idhini kwa vinywa vyetu kisha tukaona haya kuitaja. Mwezi uliopita nilimwambia mama, "Nilikushurutisha, nisamehe." Akaendelea kuchambua mchele, kisha akasema, "Najua, mwanangu. Mwandikie mdogo wako, umwambie tunamngoja sote wawili."

Nikachukua kalamu usiku ule ule.