Ndani ya Ghala la Nafaka, Cape Town

Sisi wachoraji wa Tingatinga wa Dar es Salaam hufundishwa kujaza ubao. Tembo akishakaa, juu yake apate ndege. Pakibaki pengo, lizibwe kwa majani. Mtalii analipia rangi, halipii pengo. Nami nimekulia humo, kwa rangi ya mafuta ya makopo kama aliyoitumia mzee Edward Saidi Tingatinga alipoanza mwaka 1968.

Mwaka 2023 nilivuka mpaka kwa mara ya kwanza. Binamu yangu anayefanya kazi Sauzi alinitumia nauli, na kwa kuwa Mtanzania haombi viza ya matembezi mafupi kule, shida ikabaki pasipoti tu. Ya ndege sina la kusimulia: nilisinzia.

Jumatano asubuhi binamu akaniamsha. "Mdogo wangu, beba pasipoti. Leo Mwafrika anaingia bure."

Jumba la makumbusho la Zeitz MOCAA liko bandarini, na upepo wa Cape Town ulitusukuma hadi mlangoni. Zamani lilikuwa ghala la nafaka, lilikamilika mwaka 1924, lina kimo cha mita 57. Ndani yake ilijaa mirija 42 ya zege. Mbunifu wa Uingereza, Thomas Heatherwick, alichukua umbo la punje moja ya mahindi, akalikuza mpaka mita 27, kisha mafundi wakaikata mirija kufuata umbo hilo. Ukumbi uliopatikana hauna ukuta ulionyooka. Kuta zimepinda, kingo za zege zimesuguliwa zikang'aa, na lifti za mviringo hupanda ndani ya mirija yenyewe. Watu kibao walikuwa wameinua shingo. Jumba lilifunguliwa mwaka 2017, na nakiri kwamba kwa nusu saa nzima sikuangalia mchoro hata mmoja.

Juu kulikuwa na maonyesho ya "When We See Us", karne moja ya watu weusi waliochorwa na weusi wenzao, yaliyoandaliwa na Koyo Kouoh wa Kameruni, ambaye sasa ni marehemu, pamoja na Tandazani Dhlakama wa Zimbabwe. Kazi za mchoraji Chéri Samba wa Kinshasa zilikuwapo. Za Wamarekani zilikuwapo. Michoroni watu wanacheza muziki, wanalala, wanasali. Vita na njaa, ambavyo ndivyo tunavyochorwa navyo mara nyingi, sikuviona vikitawala.

Halafu nikakuta kazi ya Mtanzania: Sungi Mlengeya. Hakusoma chuo cha sanaa. Alikuwa mfanyakazi wa benki, akaacha kazi mwaka 2018 ili achore. Wanawake anaowachora ni ngozi nyeusi tupu juu ya turubai nyeupe. Nguo hazikuchorwa, weupe wa nyuma ndio nguo, na jicho lako ndilo linaloshona pindo. Nilisogea karibu kutafuta mstari wa bega. Haukuwapo.

Dada huyu ameacha sehemu kubwa ya turubai bila kitu, na hakuna aliyemwambia hajamaliza kazi.

Niliporudi Dar nikaanza kuchora tembo mmoja, ubao uliobaki nauacha mweupe. Wenzangu wananitania kwamba rangi imeniishia. Watalii bado wananunua zile zilizojaa ndege, nami naendelea kuzichora maana kodi ya nyumba hailipwi kwa weupe. Mbao nyeupe hazijauzwa hata moja, na bei yake sipunguzi.