Marobota Mawili Mekundu

Kaka yangu alinisubiri kituo cha mabasi cha Makambako akiwa amevaa koti zito, mikono mfukoni. Baada ya shikamoo na marahaba, swali lake la kwanza halikuhusu safari.

"Kwa hiyo Sabasaba utaenda kweli?"

Nikamjibu nitaenda. Akachukua begi langu, akatangulia.

Nilikuwa nimetoka Dar es Salaam siku nne nyuma. Wazo la safari hii lilianza kama utani. Mwenzangu mmoja wa darasa la uzamili alitusimulia kwamba Marekani kuna watu wanaochukua likizo, wanajaza mafuta gari na kuzunguka nchi nzima ili waone viwanja vyote 30 vya ligi kuu ya besiboli. Tulicheka. Besiboli yenyewe hakuna aliyeijua zaidi ya kwamba kuna gongo na mpira mdogo. Lakini usiku ule nilifungua daftari, nikachora mstari kutoka Dar hadi Songea na kuandika viwanja vya mpira wa miguu vilivyo njiani: Mkapa, Uhuru, Jamhuri wa Morogoro, Samora wa Iringa, Amani wa Makambako, Sabasaba wa Njombe, Majimaji wa Songea. Saba. Gari sina, kwa hiyo ningepanda mabasi. Nilijiwekea sharti moja: nikifika uwanjani, kama mlango uko wazi, niingie nikae nusu saa, hata kama hakuna mechi.

Yasome majina hayo polepole uone yanavyofanana na kitabu cha historia cha sekondari. Vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907. Saba Saba, siku TANU ilipozaliwa, tarehe 7 Julai 1954. Uhuru. Jamhuri. Samora Machel, ambaye ndege yake ilianguka mwaka 1986. Nchi yetu haikuviita viwanja kwa majina ya wachezaji. Iliviita kwa mambo ambayo haikutaka tuyasahau.

Mkapa nilikaa nusu saa yangu nikitazama viti 60,000 visivyo na mtu. Uhuru, jirani yake, nilikaa pia, bila kujua kwamba ningehitaji kuukumbuka. Kisha nikapanda basi Mbezi, Jamhuri ya Morogoro siku moja, Mikumi na swala wake, vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, milima ya Kitonga ambako abiria wote hunyamaza. Iringa nilishuka Ipogolo na kupanda mjini hadi Samora. Pale nilikaa karibu saa nzima, nikifikiria mwaka 2017.

Mwaka ule timu tatu zilipanda Ligi Kuu kwa pamoja: Singida United, Lipuli ya Iringa na Njombe Mji. Kwa sisi wa Nyanda za Juu Kusini ilikuwa kama tumepewa mgao maalumu. Mkoa wa Njombe ulikuwa na miaka mitano tu tangu umegwe kutoka Iringa, na sasa ulikuwa na timu ambayo Simba na Yanga wangelazimika kuifuata huko huko kwenye baridi. Watu waliokuwa wakiwaona wachezaji wale kwenye televisheni za vibanda umiza walianza kuhesabu siku.

Mwaka huo huo nilimaliza kidato cha sita. Nikapata nafasi ya chuo, mkopo ukanipita. Baba hakushtuka. Kwetu shamba la miti ndiyo benki: unapanda mipaini mtoto akiwa mdogo, unaivuna akifika umri wa kulipiwa. Mwezi wa saba aliuza robo tatu ya ekari na kupata shilingi milioni tatu na laki mbili. Zilikuwa zangu. Niliziona juu ya meza, zimefungwa kwa mpira wa kufungia mboga.

Mwezi wa nane kaka aliomba milioni mbili za kuzungusha. Wakati huo alikuwa akiendesha bodaboda. Alisema Yanga wanakuja Njombe mwezi wa tisa, mji mzima utataka jezi na skafu, na kabla ya chuo kufunguliwa hela itakuwa imerudi. Baba akampa. Mimi sikuulizwa, ila nilikuwa nimekaa hapo hapo, na sikusema hapana.

Tarehe 10 Septemba 2017 Yanga walicheza Sabasaba na kushinda 1-0, kwa bao la mpira wa adhabu la Ibrahim Ajibu. Kaka alirudi usiku akiwa hana sauti. Jezi za kijani na njano zilikuwa zimeisha saa mbili kabla ya mechi. Faida ilikuwa laki sita kwa siku moja. Mama alichinja kuku.

Wiki mbili baadaye yaliingia marobota mawili kutoka Kariakoo. Yote mekundu, jezi na skafu za Simba, milioni mbili na laki sita zote humo ndani. Yakawekwa chumbani kwangu kwa sababu ndiko kulikokuwa na nafasi.

Mtu yeyote anayefuata mpira ameshajua kilichotokea. Katika ligi ya timu 16 kila timu inakutana na mwenzake mara mbili, nyumbani mara moja na ugenini mara moja. Mkubwa anakuja mjini kwako siku moja tu kwa msimu. Simba walikuja Njombe tarehe 3 Aprili 2018. Chuo kilikuwa kimefunguliwa miezi mitano kabla, na nafasi yangu ilishapotea. Mwaka ule nilimsaidia mama kuuza viazi vya kuchemsha kwa abiria wa mabasi, na usiku nililala kati ya marobota mawili. Siku ya Simba waliuza sehemu tu ya mzigo, kwa sababu wamachinga wengine nao walikuwa na miezi saba ya kujiandaa. Simba walishinda 2-0, mabao yote ya John Bocco, wakaenda kuchukua ubingwa. Njombe Mji walishuka daraja msimu huo huo, pamoja na Majimaji wa Songea. Msimu uliofuata jezi zilibadilika, na jezi ya msimu uliopita ni kama chapati ya jana: italiwa, lakini si kwa bei ile.

Nilianza chuo Oktoba 2018. Mwaka mmoja si mwisho wa dunia, ndivyo kila mtu alivyoniambia. Lakini sikumsamehe kaka. Sikumgombeza pia, jambo ambalo nadhani lilikuwa baya zaidi. Nilimpa shikamoo yake, nilimtumia vocha, nilimnunulia mwanawe sare za shule. Sikuwahi kumwuliza chochote kuhusu siku zile.

Jioni ya kufika Makambako tulipita Uwanja wa Amani, kwa miguu, begi langu begani kwake. Sikukaa nusu saa. Uwanja wa nyumbani hauhitaji kutazamwa. Pale ndipo nilipojifunza baiskeli. Vijana walikuwa wakicheza huku giza likiingia, na kwa mbali ikasikika honi ya treni ya TAZARA. Nyumbani baba alikuwa amekaa karibu na jiko la mkaa, redio mapajani. Ana miaka sabini na mbili sasa, na anasikia kwa sikio moja. Aliniuliza nimepita viwanja gani. Nilipotaja Uhuru aliitikia kwa kichwa na kupunguza sauti ya redio, kisha akaiongeza tena.

Asubuhi tulipanda kosta ya Njombe. Ni kama kilomita 60, na njia nzima unapita mipaini, mikaratusi, viazi, na siku hizi parachichi, ambazo zimeanza kuchukua mashamba ya watu waliochoka kungoja miti ikue. Kila tulipopita miti iliyokatwa niliangalia upande mwingine. Nadhani kaka naye.

Njombe palikuwa na ukungu. Bibi mmoja aliyeuza maharage nje ya kituo alitusalimu kwa Kibena, "Kamwene," nasi tukamwitikia. Tulitembea hadi Sabasaba. Mlango mdogo ulikuwa wazi. Ndani watoto wa shule walikuwa wakikimbizana na mpira mmoja, ishirini hivi, bila mwamuzi wala mwelekeo. Tulikaa. Niliangalia saa yangu, nusu saa ikaanza.

Kaka alinionesha kwa kidole mahali alipotandika turubai siku ya Yanga, upande wa nje, karibu na mlango. Akanieleza jinsi mzee mmoja alivyonunua skafu saba, moja ya kila mjukuu. Alikuwa akisimulia vizuri, na nikajikuta natabasamu, na hilo likanikera.

"Kwa nini hukuacha pale?" nikamwuliza. "Ulishapata faida. Kwa nini hukurudisha?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumwuliza kwa maneno.

Kaka alikaa kimya mpaka mpira wa watoto ulipotoka nje na kurudishwa.

"Nilirudisha," akasema.

Sikumwelewa.

"Usiku ule ule. Nilimkabidhi mzee milioni mbili mkononi. Akazihesabu. Zile laki sita nikamwambia ni zangu, nikanunue friji ya soda." Alivuta kola ya koti. "Kesho yake jioni akaniita nje. Akasema, kama Yanga imetoa laki sita, Simba itatoa ngapi? Unamjua na Simba yake. Akasema wanacheza na Njombe mwezi wa kumi, kasikia redioni. Akanirudishia milioni mbili, akaniambia ongeza na hiyo laki sita yako."

"Mwezi wa kumi?"

"Ndiyo. Na ilikuwa kweli. Mwezi wa kumi walicheza." Akacheka kidogo, bila furaha. "Ila walichezea Dar. Uhuru."

Nilikuwa nimekaa Uhuru siku tano zilizopita. Nilikuwa nimekula karanga pale na kuandika kwenye daftari kwamba uwanja ni mkongwe na una kivuli kizuri.

"Nawe hukuangalia ratiba?"

"Niliangalia. Baada ya mzigo kufika. Wakati ule nani alikuwa na akili ya kuangalia ratiba? Mzee ndiye aliyetufundisha mpira."

Nikamwuliza kwa nini hakusema. Miaka yote hii, kwa nini ameniacha niamini kwamba ni yeye. Alinitazama kama mtu anayeulizwa kwa nini mvua inanyesha chini.

"Ungekaaje naye meza moja, mdogo wangu? Mimi ulinikasirikia, sawa, mimi kaka yako, tutazeeka pamoja. Yeye ungemkasirikia mpaka lini?"

Sikuwa na jibu. Ningependa kuandika kwamba nilimkumbatia, lakini sisi si watu wa kukumbatiana, na kulikuwa na watoto. Nilimpa nusu ya muhindi wa kuchoma niliokuwa nao. Tukaendelea kutazama mpira ule usio na timu. Nilipoangalia saa tena, ilikuwa imepita saa moja na dakika ishirini.

Zile timu tatu zilizopanda mwaka 2017, hakuna hata moja iliyobaki Ligi Kuu baada ya msimu wa 2019/20. Lipuli walifika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2019, wakafungwa na Azam, na mwaka uliofuata wakashuka wao na Singida United pamoja. Zamani niliisoma orodha hiyo kama ushahidi dhidi ya kaka: angejua, kila mtu alijua, timu za mikoani hazikai. Siku ile Sabasaba niliisoma vingine. Miji mitatu iliamini kwa wakati mmoja, na watu wake waliuza walichokuwa nacho ili wawepo mlangoni mkubwa atakapofika. Baba yangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa amelipenda jina moja tangu ujana wake, kwa redio tu, na mara moja maishani jina hilo lilikuwa linakuja kilomita 60 kutoka kwake. Hakusikia vizuri ni mji gani.

Tulirudi Makambako jioni. Baba alikuwa pale pale karibu na jiko. Aliniuliza kama Sabasaba bado kuna nyasi. Nikasema zipo. Akauliza kama watu walikuwepo, nikasema watoto. Akaitikia, akamtazama kaka, na kaka akaenda kukoleza moto ambao haukuhitaji kukolezwa.

Basi la Songea lilikuwa la saa kumi na mbili asubuhi. Umebaki uwanja mmoja kwenye daftari, Majimaji, wa wale walioshuka pamoja nasi ingawa wamewahi kuwa mabingwa wa nchi. Kabla ya kulala nilimwambia baba kwamba asubuhi itakuwa baridi, nikamwomba skafu.

Akaweka redio chini, akainuka polepole kwenda kwenye sanduku.

"Unataka ya rangi gani?" akauliza, kana kwamba tuliwahi kubakiwa na za rangi nyingine.