Uwanja wa Stagg, Mkubwa na Mdogo

Watu wa Chicago ya zamani hawakuuhesabu mpira wa Kimarekani, ule wenye umbo la yai ambao wachezaji huukimbiza mikononi zaidi ya kuupiga kwa miguu, kuwa ni mchezo wa kupitishia wakati, bali waliutia katika sharafu za mji; wala hapakuwa mahali palipoidhihirisha sharafu hiyo kama uwanja wa Chuo Kikuu cha Chicago, uliojengwa juu ya ardhi iliyotolewa na Marshall Field, tajiri wa maduka, ukaitwa kwanza kwa jina lake, kisha ukapewa jina la Amos Alonzo Stagg, mwalimu wa mchezo huo chuoni hapo tangu mwaka 1892 hata 1932, alipolazimika kustaafu kwa kuwa alitimiza miaka 70.

Mimi nilifika kusoma katika mji huo mwaka 1966, nikapanga chumba kwa mzee mmoja wa mtaa wa Hyde Park, ambaye utotoni mwake alichukuliwa na babake kwenda kuitazama mechi ya mwezi wa Novemba 1905, siku Chicago ilipoishinda Michigan kwa pointi 2 kwa sifuri, ilhali Michigan ilikuwa imekwisha kucheza mechi 56 mfululizo bila ya kufungwa. Kila akiisimulia habari hiyo sauti yake ilibadilika, nami kwa kumsikiliza nikawa kama niliyekuwapo. Aliniambia jinsi majukwaa yalivyoendelea kuongezwa mwaka baada ya mwaka, hata yakawa yanaenea watu wapatao 50,000, na jinsi yalivyoanza kubaki matupu katika zama za Robert Maynard Hutchins, mkuu wa chuo aliyeshika madaraka akiwa na umri wa miaka 30, ambaye hakuona nasaba yoyote baina ya elimu na vishindo vile. Mwaka 1939 Michigan ilirudi ikaifunga Chicago pointi 85 kwa sifuri. Na mwezi wa Desemba mwaka huohuo chuo kikaufuta mpira kabisa.

Basi majukwaa yakakaa pasipo watazamaji, na ndiyo sababu yalipata kazi ambayo Stagg hakuipata kuiwaza. Chini ya jukwaa la magharibi palikuwa na chumba cha kuchezea skwoshi, na humo, katika baridi ya mwaka 1942, mwanafizikia Enrico Fermi na wenzake walipanga zaidi ya tani 300 za matofali ya grafiti pamoja na urani, nyuso zao zikiwa nyeusi kwa vumbi, hata alasiri ya tarehe 2 Desemba nguvu za atomu zikawaka na kujiendesha zenyewe kwa mara ya kwanza kwa mkono wa binadamu.

Jukwaa lenyewe sikulidiriki, maana lilibomolewa mwaka 1957. Lakini nilihudhuria tarehe 2 Desemba 1967, ilipofunuliwa pale sanamu ya shaba ya mchongaji Henry Moore, ya kuikumbuka kazi ile ya Fermi, nikiwa nimesimama pamoja na mwanafunzi mwenzangu mzaliwa wa Katanga, huko Kongo. Alinishika mkono akaniambia, “Ndugu yangu, katika mambo haya pana jasho la watu wa kwetu.” Naye alisema kweli. Sehemu kubwa ya urani ya Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ilitoka katika mgodi wa Shinkolobwe, hukohuko Katanga, kwa watu wasemao Kiswahili kama sisi, na zaidi ya tani 1,000 za mawe yake zilikuwa zimewekwa ghalani katika kisiwa cha Staten Island, New York, kabla ya jeshi kuzinunua. Nasikitika hata leo kwamba wengi wanaolijua jina la Fermi hawajapata kulisikia jina la Shinkolobwe.

Baadaye maktaba kubwa ya Regenstein ikajengwa juu ya ardhi ileile, ikafunguliwa mwaka 1970, na uwanja mpya wenye jina la Stagg ukawa upande wa magharibi, mdogo hata hautimizi nafasi za watu 2,000. Mpira wa chuo ulirejea mwaka 1969, bighairi ya ule ufahari wa kale, na wachezaji wake hawapewi fedha za masomo kwa ajili ya mchezo. Kila nilipojaliwa kurudi Chicago nimekwenda kuketi pale siku ya Jumamosi, karibu na mstari, nikawasikia vijana wakiitana kwa majina na wazazi wao wakiwajibu kwa shangwe, na nafsi yangu ikaridhika kuliko ambavyo ingeridhika katikati ya umati wa watu 50,000.

Kwa rai yangu, Hutchins alipatia alipokataa chuo kiwe mtumwa wa mpira, walakini aliwadhulumu wanafunzi alipowanyima mchezo wenyewe. Na dhuluma hiyo ilichukua miaka 30 kuondolewa.