Gari refu si hoja, hoja ni njia na mzigo

Ukitaka kujua kwamba umeingia Arusha, msomaji wangu, usiangalie Mlima Meru. Mlima wenyewe una tabia ya kujifunika wingu tangu asubuhi kama bibi harusi. Wewe angalia magari. Tanga wana baiskeli zao, Arusha wana Land Cruiser. Utazikuta zimepangana kwenye mataa, zimepangana sheli, zimepangana mlangoni kwa mahoteli. Nyingine zimekatwa katikati zikaunganishwa upya zikawa ndefu kama basi dogo, paa linafunguka juu ili mtalii asimame achungulie simba. Na karibu zote zimenyanyuliwa.

Hapo kwenye kunyanyuliwa ndipo ilipo habari yetu ya wiki hii. Kwa machalii wa Arusha gari refu ni heshima. Gari likikaa chini linaambiwa limechuchumaa, na mwenye nalo anaulizwa kama amepakia saruji. Ugonjwa huu umeshuka mpaka Dar, nenda Masaki Jumamosi jioni ukajionee mwenyewe vijana wanavyoparamia magari yao kama wanakwea mnazi, halafu gari lenyewe halijawahi kukanyaga tope zaidi ya lile la Jangwani.

Sasa kuna jamaa yangu mmoja, tumesoma wote sekondari. Yeye alikwenda kuendesha watalii, mimi nikabaki na kalamu. Baada ya miaka ya kuendesha magari ya wenzake akajikusanya, akanunua la kwake: Land Cruiser ile ndefu ya mlango wa nyuma, ambayo Bongo tunaiita mkonga kwa sababu ya lile bomba la kuvutia hewa linalopanda pembeni ya kioo. Injini ya 1HZ, dizeli, lita 4.2, silinda sita, haina tabo wala mambo mengi ya umeme. Nusu ya pesa ilikuwa akiba yake. Nusu nyingine mama yake alikopa kwenye kikoba chao cha akina mama. Kwa hiyo gari lile si la kuzugia. Lisipofanya kazi, mama wa watu atakaa kikaoni ameinamisha kichwa.

Kazi alishaipata, kupeleka wageni Ziwa Natron. Akabakiwa na pesa kidogo ya kulitengeneza gari, na yote alitaka kuimalizia kwenye kulinyanyua inchi nne. Akaniita nimsindikize kwa fundi.

KWA FUNDI, UNGA LIMITED

Unga Limited ni upande wa viwanda na gereji. Ukiingia kule na viatu vyeupe umejitakia mwenyewe. Fundi tuliyepelekwa kwake ni mtu mzima, ovaroli lake lilikuwa la bluu zamani hizo, na anaongea polepole.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Gari lina nini?"

"Halina tatizo, mzee. Nataka kulinyanyua. Inchi nne."

"Linakwenda wapi?"

"Natron."

"Na nani?"

"Wageni watano, mpishi na mimi."

"Mahema, maji, chakula, mafuta ya akiba?"

"Vyote, mzee."

"Sasa kijana, mbona umeniambia habari ya urefu, ya uzito hukuniambia?"

Jamaa akacheka. Mzee hakucheka. Akachukua futi ya kukunja akapima kutoka katikati ya tairi mpaka ukingo wa madigadi, kona zote nne, akaandika kwa chaki ukutani. Halafu akasema maneno ambayo sikutegemea kuyasikia kwa mtu anayekula kwa kufunga springi: "Sikufungii kitu leo. Lipakie kama siku ya kazi, pima tena, nenda hukohuko Natron, ukirudi tuongee."

Jamaa alinuna mpaka kwenye gari. Lakini kesho yake tulipakia: madumu ya maji, mahema, jiko la gesi, mafuta, na washkaji watano waliojitolea kuwa watalii wa bure. Tukapima. Mbele gari lilishuka kidogo tu, nyuma lilishuka sentimita 9. Kumbe springi za nyuma zilikuwa zimechoka siku nyingi, na lile gari refu alilolinunua jamaa lilikuwa refu likiwa tupu.

SAFARI YA NGARE SERO

Kutoka Arusha mpaka Makuyuni ni lami, unakata kulia, lami tena mpaka Mto wa Mbu, mji wa ndizi na vinyago. Pale wengi wananyoosha kupanda ukuta wa Bonde la Ufa kwenda Karatu na Ngorongoro. Sisi tukakata kaskazini, tukaiacha lami, na hapo ndipo gari linapoanza kusema ukweli wake.

Njia inafuata chini ya ule ukuta wa bonde. Unapita Selela, unapita Engaruka ambako kuna mabaki ya mashamba ya kale, mifereji na matuta ya mawe waliyoyaacha watu wa zamani. Kulia kwako ni milima ya Kitumbeine na Gelai, kushoto Kerimasi, halafu anatokea mwenyewe Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu wa Wamasai, amechongoka peke yake karibu mita 3,000. Lava yake haina mfano duniani, inatoka nyeusi na nyepesi kama oili chafu, ikipata unyevu inageuka nyeupe. Mara ya mwisho kulipuka kwa nguvu ilikuwa mwaka 2007 hadi 2008. Kwa hiyo vumbi unalokula njiani kule, mwenzangu, lina majivu ya volkano ndani yake.

Njia hii ilipata umaarufu mwaka 2011, watu walipokuwa wanamiminika kijiji cha Samunge kwa Mchungaji Ambilikile Mwasapile, Babu wa Loliondo, aliyefariki mwaka 2021. Kikombe kilikuwa shilingi 500, lakini kukifikia ndiyo ilikuwa shughuli. Magari ya kila namna yalipita huku, mpaka ya familia yaliyozoea kwenda sokoni. Dereva mmoja wa siku zile aliniambia hakuona kwamba marefu ndiyo yaliyofika. Aliona yamefika yale yaliyobeba kiasi na yenye dereva asiye na haraka.

Basi, tulichojifunza ni hiki. Kwanza ni rafu rodi, ile barabara yenye mawimbi kama bati la nyumba. Kwenye mawimbi shida haikuwa urefu, shida ilikuwa shokapu. Gari lilianza vizuri, baada ya saa moja nyuma likawa linacheza mdundiko, linahama upande bila kuagizwa. Tuliposimama jamaa akafanya kama fundi alivyomwelekeza, akasogeza mkono karibu na kila shokapu, taratibu usije ukaungua. Shokapu inayofanya kazi kwenye njia ya namna ile inachemka, maana inameza mtikisiko na kuugeuza joto. Tatu zilikuwa za moto. Ya nne ilikuwa baridi kama soda. Maiti.

Pili, kuna mahali magari makubwa yamechimba mifereji miwili na kuacha tuta katikati. Pale tulikwangua difu. Jamaa akashangilia, "Unaona? Inchi nne hizo!" Nikalala chini kuangalia. Difu imekaa kwenye ekseli, na ekseli imekaa kwenye tairi. Springi inanyanyua chasisi na bodi peke yake, difu inabaki palepale ilipokuwa. Ukitaka difu ipande, weka tairi kubwa zaidi, na hata hiyo ikizidi kipenyo kwa inchi mbili difu inapanda inchi moja tu. Jamaa akanyamaza, akarudisha gari nyuma, akapanda juu ya tuta kwa tairi za upande mmoja, tukapita.

Tatu ndiyo iliyotutoa jasho. Kabla ya Ngare Sero kuna makorongo yanayoshusha maji ya mvua kutoka milimani. Moja lilikuwa limemegeka, ikabidi tulivuke kwa mshazari, gari limelala upande wangu. Mizigo ya juu ya paa ikalia "kwii". Washkaji waliokuwa wanapiga soga tangu Makuyuni wakawa kimya kama msibani. Lilitoka salama, lakini ng'ambo jamaa alizima injini akakaa tu ameshika usukani. Baadaye akaniambia, "Arifu, lingekuwa juu inchi nne zaidi, sijui." Mimi pia sijui, na sikutaka kujaribu.

Jioni tuliliona ziwa, maji ya magadi yana rangi ya waridi pembeni na heroe wamejipanga mbali kama uzi. Natron ndiyo mahali pakuu pa kuzaliana kwa heroe wadogo Afrika Mashariki. Nani angefikiri kwamba tumefuata uzuri wote ule kwa ajili ya springi.

TULICHOCHAGUA

Tukarudi Unga Limited. Safari hii jamaa hakutaja inchi, alimsimulia mzee safari. Mzee akatuchambulia kama mwalimu, nami nakupa kama nilivyoandika.

Njia rahisi kuliko zote ni vipande, yaani unaweka kipande cha chuma au cha plastiki ngumu juu ya springi ileile. Gari linapanda, springi inabaki chovu vilevile. Nyingine ni kunyanyua bodi peke yake, unaweka vikombe kati ya chasisi na bodi. Hiyo inakupa nafasi ya tairi kubwa, lakini chasisi na vyote vilivyofungwa chini yake vinabaki chini. Njia ya tatu ndiyo seti kamili: springi mpya za mbele na nyuma, shokapu zinazolingana nazo, bushi na yubolti. Maarufu zaidi kwa magari haya ni za Australia, Old Man Emu, Ironman, Tough Dog, kwa sababu kule nako wana Land Cruiser hizihizi na rafu rodi ndefu.

Lakini ndani ya seti hizo, mzee anasema, kuna springi za gari linalotembea tupu, za mzigo wa wastani na za mzigo mzito wa kila siku. Hapo ndipo wengi wanapoliwa. Ukifunga za mzigo mzito kwenye gari tupu, utarukaruka kama mbuzi na kiuno kitakuuma. Ukifunga za gari tupu kisha ukapakia wageni, utarudi palepale pa kuchuchumaa.

Kuhusu urefu alisema inchi mbili, yaani sentimita 5, zinatosha kazi ya wageni. Ukivuka hapo gari linaanza kudai. Ekseli ya mbele inageuka kidogo, usukani unakuwa mwepesi na haurudi wenyewe, unahitaji bushi maalumu za kurekebisha. Ile fimbo inayoshika ekseli isihame upande inaivuta pembeni. Propela inasimama wima kuliko ilivyozoea, krosi zinalia. Mipira ya breki inavutika, inataka mirefu zaidi, na ile vali ya breki za nyuma inayopima mzigo inadanganyika, lazima irekebishwe. Kila moja ni pesa. Na baada ya pesa zote hizo, kitovu cha uzito kimepanda, na korongo la mshazari linakusubiri palepale.

Jamaa akachukua seti ya inchi mbili, nyuma springi za mzigo wa kudumu, mbele za wastani kwa sababu hana winchi wala bampa la chuma, na shokapu nne za gesi, maana ile naitrojeni inasaidia oili isitoe povu ikichemka. Mzee alifunga siku nzima. Akakaza bushi za springi gari likiwa limesimama kwa tairi zake chini, halikuwa juu ya jeki, kwa sababu ukizikaza gari likiwa hewani zinajisokota na kukatika mapema. Halafu alaimenti, halafu akamwambia, "Kilomita 500 rudi nikaze upya. Usiporudi, usinijue."

Chenji iliyobaki, ile ambayo ingeingia kwenye inchi mbili za majivuno, ikanunua tairi mbili mpya. Na mizigo mizito akaishusha kutoka juu ya paa akaiweka ndani, chini, karibu na katikati.

Kwa hiyo wewe kijana mwenye Prado ya kukopa, Jimny ya shangazi au mkonga wa kikoba, kabla hujamwuliza fundi bei, jibu maswali ya mzee: linakwenda wapi, na limebeba nini? Pima likiwa tupu, pima likiwa limepakiwa. Kama jibu ni Masaki na limebeba manukato, basi kaoshe tu gari, litapendeza vilevile. Mwenye bima naye mwambie ulichobadilisha, kabla hajakwambia yeye siku ya ajali.

Jamaa ameshapeleka wageni Natron mara tatu. Hajalala upande. Na mama yake, nimeambiwa, kwenye kikao cha kikoba mwezi uliopita alikaa kiti cha mbele.